Mistari Miwili kwenye Bidoni

Mwaka wa 1988, nikiwa na miaka ishirini na moja, ndipo taabu iliponikamata hapa Kamina. Mambo ya wazazi na ya ukoo siyaandiki. Hayakunipikia bukari, ugali wetu, hata siku moja mwaka ule. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupendeza akayatafute kwa waalimu, mji huu unao wengi. Mimi naandika ninachokijua: jinsi nilivyokuwa mtu asiyejulikana na yeyote Kamina, na jinsi Kamina nzima ilivyokuja kunijua kabla mwaka haujaisha. Nakijua vizuri kwa sababu nilikifanya mwenyewe.

Kilichonikalisha kuandika ni kifo cha Mama Astrida, mwezi uliopita. Tulikaa kwenye mikeka uani kwake, wanawake upande wa jikoni, wanaume chini ya turubai, na kila kundi lililoingia lilisimama kwanza mlangoni kuuliza kama limefika kweli. Wazee wa reli waliuliza: "Kilio ya muke ya Papa Signaleur njo hapa?" maana marehemu mume wake alikuwa mtu wa kuongoza treni pale gare, stesheni. Wamama wa parokia walimlilia Veronika, jina la ubatizo. Watu wa soko walimlilia Mama Limonade, kwa ajili ya maji ya limau aliyouza miaka na miaka kwenye ndoo ya bluu. Mtu wa pikipiki aliyeleta shada la maua alipita mbele ya nyumba mara mbili akimtafuta Ngoie, jina lililoandikwa kwenye karte yake ya kitambulisho, na majirani wakamjibu kwa moyo safi kwamba mtaa huu hauna Ngoie aliyekufa. Nilicheka pale pale kwenye mkeka, mkono mdomoni. Mtu mmoja ndani ya jeneza, na watu wanne wakililiwa nje. Mimi nilikuwa na jina langu la kumwita, ambalo hakuna aliyelileta siku ile isipokuwa mimi, na nitalisema mahali pake.

Mwaka ule niliuanza nikiwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za matofali zilizopangwa kama mabehewa. Kule mwanamke hakuwa na jina. Alikuwa na namba ya mume wake, matricule, na kwa namba hiyo alipokea unga, kwa namba hiyo alipewa dawa, kwa namba hiyo hata mazishi yangepangwa. Sikuona ubaya. Namba ya mume wangu niliijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa, niliimba nayo nikifua nguo. Kisha baba wa watoto wangu alipanda treni ya Lubumbashi, akaacha kazi, akaniacha na mimi, na hayo yanatosha juu yake. Nilikuwa na mapasa, mapacha wa miezi michache, Kyungu na Kabwe, kama mapasa wote wa Baluba wanavyoitwa. Ukiita Kabwe sokoni Kamina, vichwa vitano vinageuka. Kabwe alishikwa na homa, nikaenda dispanseri, Kyungu mgongoni, Kabwe mikononi akiwaka kama makala, makaa ya moto. Muuguzi aliniuliza matricule, nikaisema, akaangalia, akaniangalia. Hakuwa mtu mbaya. Alisema polepole, kama mtu anayetafuta kweli:

"Mama, matricule hii haiko tena. Sasa weye njo nani?"

Nikamwambia mimi ni Mujinga. Akacheka kidogo. Mujinga kwetu ni mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, na akina mama wa Kamina wamezaa wengi hivyo. Akaniuliza Mujinga yupi. Nilikaa kwenye benchi mpaka akanionea huruma akanipa dawa ya homa bila kuandika kitu, na Kabwe akapona, lakini lile swali lilitoka nami mlangoni likapanda mgongoni pamoja na Kyungu. Mtu mwenye shamba anajulikana kwa shamba, mwenye mume kwa mume, mwalimu kwa chaki. Mimi nilikuwa nani? Niliapa njiani kwamba mtu wa Kamina hataniuliza swali lile mara ya pili.

Nyumba ya reli ilitakiwa na mwenye namba mpya, nami nikahamia chumba cha nyuma kwa Mama Astrida. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na mbabula moja, jiko la makaa, ukuta wake haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila kilichosemwa upande wake kilianguka upande wangu. Harufu nazo zilipita juu: samaki kavu wa ziwa la Kinkondja akichemka na nyanya, sombe la majani ya mihogo, mafuta mekundu yakipata moto. Yeye alikuwa mjane, Mkatoliki wa misa ya asubuhi, mwanamke wa maneno machache, na mtoto wake mmoja, Astrida, alikuwa ameolewa Likasi. Jioni moja nilimsikia jirani akimwambia anihurumie lakini asinizoee, maana mimi si muke wa mtu tena na si dada wa mtu hapa, na mtu asiye wa mtu anaondoka na sufuria zako. Mama Astrida alikoroga chungu kwa muda. Kisha akasema tu kwamba wale watoto wawili wananyonya kwa zamu bila kugombana, na kwamba kwake hilo linatosha kumjua mama. Kesho yake niliona sahani ya sombe mlangoni pangu, na juu yake samaki wawili wadogo, urefu mmoja, kama waliopimwa. Sikufikiri kitu. Nilikula.

Niliuza vikwembe, vitenge vyangu vya ndoa, nikaenda Kabongo kwa treni kununua mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Kamina ilikuwa inakula mafuta ya Kabongo kama ilivyo leo, na wanawake waliyaleta kwenye bidoni, madumu ya manjano, zote sura moja, zote zinapakiwa kwenye behewa moja. Kila mwenye mali hufunga kitambaa kwenye mkono wa bidoni ili aijue. Nami nilifunga. Na hapa nilifanya kosa ambalo ni mwanamke wa Kimethodisti wa Kamina tu anayeweza kulifanya: nilichana kikwembe changu cha sikukuu ya wamama wa kanisa. Mwaka ule wamama wote wa kanisa letu walikuwa wamenunua kikwembe kile kile, cha kijani chenye taa ya njano katikati. Treni ilipofika, wapagazi waliposhusha, kulikuwa na taa za njano kila upande wa gare. Wanawake sita tulisimama juu ya bidoni zile, wote tumebatizwa, kila mmoja akimwambia mwenzake "mama mupendwa, hii iko yangu." Nilirudi nyumbani na hesabu yangu kamili, lakini bidoni mbili zilikuwa na mafuta ya zamani, machungu, mafuta ya mtu mwingine. Mafuta yangu mazuri yaliliwa Kamina mwaka ule na watu ambao mpaka leo hawajui walikula ya nani.

Nilikasirika kwa njia yangu, yaani nilinyamaza nikafanya kazi. Niliweka kisu kwenye makala ya mbabula mpaka kikawa chekundu, nikakibandika kwenye bega la bidoni. Plastiki ililia, ikanuka, ikaacha mstari. Nikaweka wa pili kando yake, urefu ule ule. Watu waliniuliza baadaye kwa nini miwili. Kwa sababu kuandika jina sikuweza vizuri, na kwa sababu watoto wangu walikuwa wawili, wamelala pale mbele yangu, miguu yao imetoka kwenye shuka ikiwa imepangwa vile vile. Basi. Kitambaa kinafunguka, kinachanika, kinafanana. Alama ya moto haihami.

Safari iliyofuata nilitoa bidoni zangu behewani kama mtu anayeita watoto wake kwa majina, na hakuna aliyeshindana nami. Lakini kilichotokea sokoni sikukipanga, na sitajisifu kwamba nilikipanga, ingawa ninayo mengi ya kujisifu. Mteja wa kwanza alikuwa Papa Ilunga, mtu wa baiskeli aliyepeleka mafuta na chumvi vijijini. Alitaka bidoni moja. Alishaiinua, akaona mistari, akauliza ni ya nini. Nikamjibu ni ya mapasa, nikimaanisha watoto wangu. Alisimama na ile bidoni mikononi, akaangalia zilizobaki chini, akairudisha taratibu kama anayelaza mtoto.

"Mama, ungesema mbele," aliniambia. "Minyi siwezi kubeba Kyungu na kuacha Kabwe analia hapa. Nipe yote mbili."

Msomaji asiye wa kwetu ajue hili: mapasa kwetu hawagawanywi. Ukimpa mmoja yai, unampa na wa pili yai. Ukimsalimia mmoja, unamgeukia mwenzake. Anayempendelea mmoja anajitafutia homa, mvua ya mawe, tairi kupasuka. Papa Ilunga alifunga bidoni mbili, moja kila upande wa baiskeli, akaniwekea na vipande viwili vya sabuni, zawadi, kama inavyotolewa kwa mama wa mapasa, akaondoka akiwa amesimama wima kwenye pedali, mzigo umemkaa sawa. Alipofika alikokwenda alieleza kwamba hajawahi kupanda mlima ule bila kuyumba. Kumbe bidoni moja upande mmoja inayumbisha, mbili zinalingana. Hilo baiskeli yenyewe inalijua. Lakini watu hawakusema ni uzani. Walisema ni mapasa.

Kuanzia hapo hakuna aliyekuja kununua moja. Mwenye pesa za moja alimtafuta mwenzake, wakanunua mbili, wakapeleka zote nyumba moja kupumzika, kisha wakagawana mafuta kwa vikombe, bidoni zikabaki pamoja. Nilisikia mabishano ya ndugu wawili waliokaa mitaa mbalimbali, mmoja akidai bidoni zote zilale kwake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Bwana mmoja mwenye elimu alinunua moja kwa kucheka, akasema hayo ni mambo ya kijiji, na kabla ya jioni akamtuma mke wake kuja kuchukua ya pili, eti wageni wameongezeka. Niliuza mara mbili ya waliokuwa wakinizunguka. Na jina langu likabadilika bila mtu kuniuliza. Mujinga alikwisha. Wakasema: nenda kwa Mama Mapasa, mafuta yake yana mistari miwili.

Jina likiwa tamu linaibiwa. Baada ya mvua za kwanza alikuja mteja wangu wa kawaida na uso mbaya, akamimina mafuta chini mbele yangu. Yalikuwa yamechanganywa na maji, yakagawanyika kama maziwa yaliyoharibika. Aliuliza kama hivi ndivyo mapasa wangu wanavyokojoa. Watu wakacheka, na kicheko kile kilinichoma kuliko kisu changu. Niliangalia bidoni: mistari miwili, lakini mmoja mfupi, mkono wa mtu mwenye haraka. Wa pili alikuja kesho yake, kisha wa tatu. Haikuwa vigumu kujua: wote watatu walinunua kwenye meza moja, wakiamini mistari. Georgette, meza ya nne kutoka yangu, sauti ya kwanza ya kwaya ya kanisa letu, naye alikuwa amenunua kisu na makala. Kama ningenyamaza, wiki chache zingetosha: mafuta mabaya yangekuwa yangu, jina lingeoza, nami ningerudi kwenye benchi ya dispanseri nikiulizwa mimi ni nani.

Nilimpeleka kwa shefu, mkuu wa soko, mchana, chini ya bati lake, watu wamejaa mpaka barabarani. Shefu alikuwa mtu wa kunenepa, wa haki, aliyependa kila jambo liwe na karatasi. Alitaka karte yangu. Karte ilisema Mujinga. Alitaka ya kanisa. Ya kanisa ilisema Elizabeti. Kwenye orodha yake ya soko mimi nilikuwa namba ya meza. Aliweka vile vyote kando kando, akakuna kichwa. Georgette aliona njia yake ikifunguka.

"Papa Shefu, mistari mbili iko mistari mbili," alisema. "Kisu iko mu kila nyumba. Onyesha karatasi hata moya yenye baliandika huyu anaitwa Mapasa."

Na kweli, hakukuwa na karatasi. Shefu alinigeukia akaniuliza, kama alama hii ni yangu, inaonyeshaje kwamba ni yangu? Nilisimama pale nikiwa na majina matatu na hakuna hata moja lililonisaidia. Ndipo nikajibu kitu ambacho sikujua kwamba nitakisema.

"Yeye aimbe."

Shefu akauliza aimbe nini. Nikamwambia: "Anayua. Mama yote mwenye kuzaa mapasa anayua."

Kwetu mapasa wakizaliwa zinaimbwa nyimbo zao, na nyimbo hizo ni matusi. Matusi ya mwili, ya mwanamume na ya mwanamke, yanayoimbwa jua likiwaka, mbele ya baba mkwe, mbele ya chifu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mama wa mapasa ana haki hiyo mpaka afe. Mwanamke mwingine akiyaimba ni mtu aliyepoteza haya. Wachungaji walikuwa wametukataza kabisa, na Georgette alijua kwamba mke wa mchungaji wetu amesimama pale na kikapu cha vitunguu. Nami nilijua. Georgette hakuwahi kuzaa mapasa. Sauti yake ilinishinda mara kumi, lakini hakuweza kuitoa.

Basi nikaimba mimi. Maneno siyaandiki, wajukuu wangu watasoma hiki. Ubeti wa kwanza nilimpa Shefu mwenyewe, tumbo lake na kilicho chini ya tumbo lake, kwa jina na kwa ukubwa. Alikodoa macho. Nyimbo hizi haziimbwi na mtu mmoja. Mama mmoja anarusha, wengine wanapokea. Nilirusha, na hakuna aliyepokea. Mama wa mapasa walikuwa wengi sokoni, niliwajua, lakini walikuwa Wamethodisti kama mimi, na kila mmoja alikuwa anaangalia mihogo yake. Nilirusha mara ya pili.

Ndipo sauti ikanipokea kutoka nyuma, nyembamba, ya zamani, kwa Kiluba cha watu wa ziwani. Watu waligeuka wote. Ilikuwa Mama Astrida, ameketi nyuma ya ndoo yake ya limau, rozari shingoni, uso haujatikisika, akimwimbia Shefu ubeti ambao mimi sikuwahi kuusikia na ambao ulikuwa mbaya kuliko wangu. Mama Astrida, mama wa mtoto mmoja, kama Kamina yote ilivyomjua. Aliimba mpaka mwisho, na alipofika mwisho mwanamke wa mihogo alidaka, kisha wa chumvi, kisha wa maharagwe, na soko lote likaitikia likapiga sahani, na mke wa mchungaji akageuka kuangalia ukuta, mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Shefu alilia machozi ya kucheka, akajifuta kwa leso, akagonga meza.

"Inatosha. Minyi nimetukanwa vya kutosha kwa kuyua mwenye alama," alisema. "Mama Georgette, kamata kisu. Bidoni yako yote, ongeza mustari wa tatu."

Na ikawa hivyo. Alama ya moto haifutiki, lakini inaongezwa. Mistari mitatu haina maana yoyote kwetu, na hakuna aliyejisikia kununua bidoni tatu.

Jioni ile, tukichambua maharagwe mlangoni, nilimshukuru Mama Astrida na sikumuuliza kitu. Alisema mwenyewe, macho kwenye maharagwe: "Kyungu na Kabwe. Kule Kinkondja, mbele ya Astrida. Habakumaliza mvua ya kwanza." Akaongeza kwamba aliwazika kabla Astrida hajazaliwa, na tangu afike Kamina hakuna mtu aliyemuuliza, na mtu hawezi kuanza kusema bila kuulizwa. Nilikumbuka wale samaki wawili wa urefu mmoja. Tangu siku hiyo, ukutani kwetu, mimi nilimwita Mama Mapasa na yeye akaniita Mama Mapasa, na ilikuwa kama kuitana na kuitikia kwa neno moja. Kwa hiyo mwezi uliopita, kabla jeneza halijafungwa, nilisimama kwenye mkeka nikamwimbia ile ya kwake, ubeti wote, mbele ya wamama wa parokia na wazee wa reli. Astrida, ambaye sasa naye ni bibi, alinishika mkono akauliza kwa nini. Nikamwambia mama yako alizaa watatu. Alikaa chini. Baadaye aliniomba nimfundishe.

Kanisa langu liliniweka nje ya meza ya Bwana kwa kuimba matusi hadharani. Nilikubali adhabu, nikakaa benchi ya nyuma, kichwa juu. Katika majuma yale yale ya adhabu, mke wa mchungaji alituma mtu kununua mafuta kwangu. Alichukua mbili. Na kabla mwaka haujaisha Kyungu alikohoa, nikaenda dispanseri, foleni ndefu, na muuguzi yule yule akanyoosha shingo dirishani akasema, "Mama Mapasa, ingia na batoto." Wanawake wenye namba za waume zao waligeuka kunitazama. Nilipita katikati yao polepole, nikiwa na mmoja mgongoni na mmoja mkononi, na sikuharakisha hata kidogo.

Watu wa nambari na wa karte siwadharau. Nina karte, nina kila karatasi ya serikali, zote safi ndani ya plastiki. Lakini ukifika Kamina ukamuulizia Mujinga Elizabeti, utazungushwa mtaa hadi mtaa, maana tuko wengi na wengine wako makaburini. Ulizia Mama Mapasa wa mafuta. Hata mtu wa pikipiki aliyekuja mjini jana atakuleta.

Leo nina hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinane, bati jipya. Parsele mbili, viwanja vinavyopakana, upande wa barabara ya gare. Mashine mbili za kusaga mahindi. Pikipiki nne za kazi. Shamba la michikichi upande wa Kabongo, limeshaanza kuzaa. Mbuzi, siwahesabu mbele ya watu. Kyungu ni muuguzi, Kabwe anaendesha lori langu. Depo moja ya mafuta, yenye milango miwili, upana mmoja, yote inaangalia barabara.